Barabara Zilizopoteza Kazi



Julai ikifika, wapenzi wengi wa michezo huketi mbele ya runinga kutazama mbio za baiskeli za Tour de France. Kwetu Afrika Mashariki mbio hizo zilipata mashabiki wapya pale Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa na David Kinjah kule Kikuyu, alipoibuka mshindi mwaka 2013, kisha akarudia 2015, 2016 na 2017. Tukajiona tunaifahamu milima ya Ufaransa. Kwa kweli tulichokiona ni umati wa watu. Barabara yenyewe ilikuwa imefunikwa. Mwaka 2017, siku mbio zilipokuwa zinaelekea mji wa Le Puy-en-Velay, gurudumu la nyuma la Froome lilipata hitilafu, akapewa la mwenzake Michał Kwiatkowski, halafu akawakimbiza wapinzani wake kwenye mpando wa Peyra Taillade huku watu wa pembeni wakimzomea, maana pale ni nyumbani kwa mpinzani wake Romain Bardet. Magari, pikipiki, helikopta, mayowe. Sasa nenda pale pale siku ya Jumanne ya mwezi wa Mei. Utaupanda mlima mzima na pengine upishane na trekta moja tu, na dereva wake atakuinulia mkono.

Hiyo barabara ya Jumanne ndiyo ninayotaka tuizungumze leo.

Tuko katika nyanda za juu za kusini ya kati ya Ufaransa, zinazoitwa Massif Central. Hii si milima ya Alps yenye barafu mwaka mzima. Ni milima mikongwe, iliyosagwa na mvua na upepo, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Puy de Sancy, hakifiki hata mita 1,900. Upande wa kaskazini kuna volkeno zilizolala. Kusini kuna mawe ya chokaa, matale, na makorongo ambayo mito imeyakata kama kwa kisu. Nami nitashikamana na huko kusini, mikoa ya Ardèche, Lozère na Gard, hasa ile milima ya Cévennes, kwa sababu ndiko waendesha baiskeli wa safari ndefu wanakokwenda kutafuta ukimya. Nazungumzia wale wanaofunga mizigo yao kwenye keria, hema na sufuria ndogo, wakalala popote jua linapowachwea.

Swali langu ni moja: ukimya ule umetoka wapi?

Vijitabu vya utalii vitakujibu haraka kwamba ni maumbile, ni milima, ni hewa safi. Mimi siliafiki jibu hilo. Mlima peke yake hauleti ukimya wa barabara, kwa sababu mlima usiokaliwa hauna barabara kabisa. Ili upate lami nzuri, imara, yenye kona zilizopimwa, halafu isiwe na magari, lazima kwanza watu wengi wawe wameishi hapo wakaihitaji barabara hiyo, kisha wawe wameondoka, na baada ya kuondoka kwao serikali iwe bado inakubali kuiziba mashimo. Mambo hayo matatu hukutana mahali pachache duniani. Huku kwetu lami hufuata wingi wa magari: barabara nzuri ina malori, na barabara tulivu ina vumbi. Msikilizaji aliyewahi kupanda baiskeli kando ya barabara kuu ya Mombasa anajua ninachosema.

Mkoa wa Lozère unatosha kuwa ushahidi. Katikati ya karne ya 19 ulikuwa na watu karibu 145,000. Leo hawafiki 80,000, katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na hakuna mkoa wa Ufaransa bara wenye watu wachache kuliko huo. Karibu kila kijiji kina mnara wa kumbukumbu ya vita vya 1914 hadi 1918, umeandikwa majina ya vijana waliokufa, na vipo vitongoji ambavyo ukihesabu majina ya jiweni na taa zinazowaka jioni, majina ndiyo mengi. Waliosalia walifuata migodi ya makaa ya Alès, viwanda vya Lyon, ofisi za Paris. Barabara zao zikabaki.

Kabla sijaingia njiani, niruhusu nimtaje mtu mmoja, maana bila yeye pengine tungekuwa tunaisukuma baiskeli kwa miguu kwenye kila mlima. Jina lake Paul de Vivie, aliyezaliwa 1853, na waendesha baiskeli wa Ufaransa wanamwita Vélocio, jina alilolitumia katika maandishi yake. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri katika mji wa Saint-Étienne, mji wa viwanda uliojulikana kwa mambo matatu: utepe, bunduki na baiskeli. Biashara ya hariri akaiacha, akaingia kwenye baiskeli, na mwaka 1887 akaanzisha jarida lake. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba baiskeli ni chombo cha mtu wa kawaida kuona nchi, na kwamba mtu wa kawaida hawezi kupanda mlima kwa giya moja.

Leo jambo hilo linaonekana dhahiri kama jua. Wakati ule lilizua ugomvi. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, aliona kubadilisha giya ni udhaifu, jambo la kuwaachia wazee. Kwa hiyo mabingwa wake walipandishwa milimani na baiskeli ambazo, kwa giya, hazikuzidi sana Phoenix ya babu yako: aliyetaka meno mengine ilimbidi ashuke akageuze gurudumu la nyuma. Walioweza walikanyaga, walioshindwa walishuka wakakokota. Giya za kubadilisha kwa mnyororo hazikuruhusiwa katika Tour mpaka mwaka 1937. Wakati huohuo Vélocio na wafuasi wake, wakiwemo wanawake na watu wenye mvi, walikuwa wamekwishazipita safu za milima kwa miaka mingi wakiwa wameketi juu ya tandiko, wakivuta pumzi na kutazama mandhari. Nikiulizwa nani kati ya wawili hao aliielewa baiskeli, sitasita kujibu.

Vélocio aliacha pia maagizo kwa msafiri, na kila mwendesha baiskeli wa safari ameyasikia kwa namna moja au nyingine: ule kabla njaa haijakushika, unywe kabla ya kiu, usijichoshe kupita kiasi, na usikanyage pedali kwa ajili ya kujionyesha. La mwisho ndilo gumu zaidi, hasa ukipitwa na kijana kwenye mpando. Alifariki 1930 baada ya kugongwa na tramu mjini kwake. Juu ya Saint-Étienne, kwenye kipito cha République, mita 1,161, kuna mnara wake, na waendesha baiskeli hupanda kila mwaka kumkumbuka. Kipito hicho hicho kilipitiwa na Tour ya kwanza kabisa mwaka 1903, na mwaka uliofuata, usiku, mashabiki wa mwendeshaji mmoja wa pale waliwavizia wapinzani wake gizani wakawapiga. Barabara moja, na watu wawili, Vélocio na Desgrange, waliotaka vitu viwili tofauti kutoka kwake.

Haya, tuingie njiani. Kwanza ramani.

Kampuni ya matairi ya Michelin, ambayo makao yake ni Clermont-Ferrand, humo humo kwenye Massif Central, huchapisha ramani za karatasi ambazo wapanda baiskeli bado wanazithamini hata katika zama hizi za simu. Barabara kuu zimepakwa rangi nyekundu, za kati njano, na ndogo zimeachwa nyeupe. Ukiona mstari wa kijani ubavuni mwa barabara, wachora ramani wanakuambia mandhari yake ni mazuri. Ukiona mshale mdogo, ni mwinuko: mshale mmoja ni asilimia 5 hadi 9, miwili 9 hadi 13, mitatu zaidi ya hapo. Mishale mitatu na baiskeli ya mizigo ni ndoa yenye matatizo. Wengi watakushauri ufuate nyeupe popote inapokwenda. Mimi naongeza jambo moja: tafuta barabara iliyonyang'anywa kazi. Angalia mahali ambapo njia mbili zinakwenda upande mmoja, moja mpya na moja ya zamani. Mfano ni barabara kuu ya zamani ya Paris kuelekea kusini kupitia Millau, iliyokuwa ikisongwa na foleni za kiangazi. Ilijengwa barabara ya mwendo kasi, ya A75, na Desemba 2004 likafunguliwa lile daraja maarufu la Millau, ambalo kilele cha nguzo zake kiko mita 343 juu. Magari yalihamia kule. Ile ya zamani ikabaki pana, laini, na hohehahe.

Sasa kuna njia moja ambayo, ningeambiwa nichague moja tu, ningeichagua. Inaanzia kijiji cha Le Bleymard, kaskazini mwa mlima Lozère. Barabara inapanda kupitia msitu, inakipita kituo kidogo cha michezo ya theluji ambacho wakati wa kiangazi ni kitupu, kisha miti inakoma na unajikuta kwenye uwanda wa nyasi na mawe makubwa ya matale, upepo ukikupiga ubavuni. Kipito kinaitwa Finiels, mita 1,541. Kuna chama Ufaransa kinachoitwa Club des Cent Cols, kilichoanzishwa 1972, ambacho hakikupi uanachama mpaka uwe umevipita kwa baiskeli vipito 100 tofauti, na angalau 5 kati ya hivyo viwe juu ya mita 2,000. Katika Massif Central yote hakuna hata kimoja cha urefu huo. Kwa hiyo mtu wa Lozère anaweza kupanda milima ya kwao maisha yake yote na bado chama kisimtambue, mpaka aende Alps au Pyrenees. Nasikitika kidogo kwa niaba yake.

Toka Finiels unaserereka mpaka Le Pont-de-Montvert, kijiji cha mawe ya kijivu ambapo mto Tarn, ambao umetoka kuzaliwa mlimani hapo juu, unapita chini ya daraja lenye mnara mdogo. Hapa ndipo kisa cha barabara hizi kinapoanza hasa. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 aliifuta amri iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu. Milima ya Cévennes ilikuwa imejaa Waprotestanti, wakulima na wafumaji, na wakaendelea kusali mafichoni, mapangoni na misituni. Julai 1702, katika kijiji hiki, kundi la watu lilivamia nyumba alimokaa kasisi mkali aliyeitwa du Chaila, aliyekuwa amewafunga wenzao, likawafungua wafungwa na kumuua. Vita vikaanza. Wapiganaji wale waliitwa Camisards, na kwa miaka kama miwili wakawahangaisha majemadari wa mfalme mwenye nguvu kuliko wote barani Ulaya.

Jeshi lenye mizinga haliwezi kupita njia ya kondoo. Mwakilishi wa mfalme, Basville, aliamuru njia zitengenezwe katika milima hii ili askari na mizinga wafike kila bonde. Njia mashuhuri kati ya hizo ndiyo leo inaitwa Corniche des Cévennes. Unaianza karibu na mji mdogo wa Florac, unapanda ukingo wa mlima, kisha unatembea juu ya mgongo wa milima kwa zaidi ya kilomita 40, ukipita vijiji kama L'Hospitalet na Le Pompidou, hadi unapoteremka Saint-Jean-du-Gard. Wahandisi wa mfalme waliiweka juu, mgongoni, kwa sababu aliye juu anaona na haviziwi. Kwa mwendesha baiskeli hesabu ile ile ya kijeshi ni neema: ukishalipa gharama ya kupanda mara moja, huteremshwi bondeni na kupandishwa tena. Unaona mabonde kushoto na kulia, bluu nyuma ya bluu, mpaka siku angavu unadhani unaiona bahari. Magari ya haraka yanapita chini kwa barabara nyingine.

Kando ya njia utaona kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, ngazi kwa ngazi, zikishuka hadi mtoni. Ni matuta ya mashamba. Mengi yamemezwa na vichaka. Huko watu walipanda miti miwili iliyowalisha kwa karne nyingi: chestinati, ambayo waliiita mti wa mkate kwa kuwa njugu zake zilikaushwa, zikasagwa, zikawavusha majira ya baridi, na mforosadi, walioupa jina la mti wa dhahabu. Majani ya mforosadi yalilishwa viwavi wa hariri. Nyumba za huko bado zina ghorofa ya juu yenye madirisha madogo madogo na mabomba ya moshi kila pembe, kwa sababu viwavi walitakiwa wakae katika joto lisilopungua mchana wala usiku, na familia nzima iliwahudumia kwa wiki kadhaa bila usingizi wa maana.

Halafu ukaja ugonjwa. Katikati ya karne ya 19 viwavi wakaanza kufa kwa wingi, na serikali ikamtuma Louis Pasteur mjini Alès, kuanzia 1865, achunguze. Akapata namna ya kuyachagua mayai yasiyo na maradhi kwa kutumia hadubini. Lakini mwaka 1869 ukafunguliwa mfereji wa Suez, mfereji ule ule uliobadili safari za meli za pwani yetu, na hariri ya bei nafuu kutoka Asia ikamiminika Ufaransa. Baadaye tena vikaja vitambaa vya viwandani. Kinu cha mwisho cha kusokota hariri nchini Ufaransa kilikuwa hapo Saint-Jean-du-Gard, mahali panapoitwa Maison Rouge, na kilifungwa 1965. Sasa ni makumbusho. Mtu aliyetuachia baiskeli ya giya, kumbuka, alianza maisha kwa kuuza hariri. Sijui kama msafiri anayeshuka Corniche akishangilia hewa safi anafahamu kwamba anapita katikati ya kiwanda kilichofungwa, chenye ukubwa wa milima.

Ukitaka ukimya wa aina nyingine, toka Florac upande magharibi, uingie uwanda wa Causse Méjean. Mpando ni mkali, na juu yake unakuta nchi ya mawe ya chokaa, karibu mita 1,000 juu, isiyo na mto hata mmoja kwa kuwa maji yote huzama chini. Kondoo ni wengi, watu ni wachache mno. Mahali panapoitwa Le Villaret kuna farasi wa Przewalski, farasi mwitu wa Mongolia, waliowekwa hapo tangu 1993 kwa sababu uwanda huo unafanana na kwao. Baadhi ya wazao wao wamekwisharudishwa Mongolia. Ukiteremka upande wa korongo la Jonte, inua macho: tumbusi wakubwa wanazunguka hewani. Walikuwa wamekwisha kabisa, wakaanza kurudishwa mwaka 1981, na sasa mizoga ya kondoo ina wenyewe.

Kusini mashariki ya uwanda huo kuna kipito cha Perjuret, mita 1,028, na hapo nakusihi ufunge breki. Tarehe 10 Julai 1960, Roger Rivière, kijana wa Saint-Étienne, mji ule ule wa Vélocio, mshikilizi wa rekodi ya dunia ya umbali wa saa moja, alikuwa wa pili katika Tour. Alimfuata Mwitaliano Gastone Nencini kwenye mteremko wa Perjuret, na Nencini aliogopwa na wote kwa kuteremka. Rivière akakosa kona, akatumbukia korongoni, akavunjika uti wa mgongo. Alikuwa na miaka 24 na hakushindana tena. Kuna jiwe la kumbukumbu yake pembeni. Watalii wa baiskeli hupunguza mwendo hapo, wengine huvua kofia, kisha huendelea taratibu kuelekea mlima Aigoual.

Aigoual wenyewe una urefu wa zaidi ya mita 1,560, na juu yake kuna jengo kama ngome, lililofunguliwa 1894 kama kituo cha hali ya hewa. Misitu unayopita ukipanda haikuwepo zamani. Mlima ulikuwa umekwanguliwa kwa kukatwa miti na kulisha kondoo kupita kiasi, na mafuriko yakawa yanateremsha mawe hadi mashambani, mpaka ofisa wa misitu Georges Fabre, robo ya mwisho ya karne ya 19, alipoanza kuupanda miti upya. Barabara nyembamba zenye kivuli, ambazo leo msafiri anazisifu, nyingi zina uhusiano na kazi hiyo ya misitu.

Na mvua ya huko si ya mchezo. Mwishoni mwa kiangazi na katika miezi inayofuata hewa ya joto yenye unyevu hupanda kutoka bahari ya Mediterania, ikagonga ukuta wa Cévennes, ikamwaga kila ilicho nacho. Mwaka 1963 kituo cha Aigoual kilipima zaidi ya milimita 600 kwa siku moja. Kwa hiyo anayekuambia Oktoba ni mwezi mzuri kwa sababu ya rangi za majani, msikilize kwa sikio moja, lingine liwe kwenye utabiri wa hali ya hewa, na usipige hema karibu na mto hata kama mto wenyewe unaonekana kijito cha kuruka. Mei, Juni na mwanzoni mwa Septemba ndiyo majira ninayoyapenda. Agosti korongo la Tarn hujaa magari ya kulala na mitumbwi, na hata barabara nyeupe hupata wageni.

Kwa asiyetaka mipando mikali, ipo Ardèche. Kulikuwa na reli ndogo, ya njia nyembamba, iliyopanda bonde la mto Eyrieux kutoka La Voulte kwenye mto Rhône kwenda Le Cheylard na zaidi. Ilifungwa 1968. Leo ni njia ya baiskeli na watembea kwa miguu, inaitwa Dolce Via, karibu kilomita 90 ukijumlisha matawi yake. Treni ya mvuke haikuweza kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo nawe hutapanda mkali: ni kama asilimia 3, zaidi ya hapo ni nadra. Unapita madaraja na mahandaki, na stesheni ambazo baadhi zimegeuzwa mikahawa. Bibi wa miaka 70 na mjukuu wa miaka 7 wanaweza kwenda pamoja. Kuna watu wanaoona njia hizi za reli ni za wavivu, kama wanavyoona baiskeli za umeme ni udanganyifu. Ni Desgrange yule yule anaendelea kusema kupitia vinywa vyao.

Mambo ya matumizi nitayapitia haraka. Katika maduka ya vijiji, salamu kwanza. Ukiingia dukani ukaanza kuuliza bei bila kusema bonjour, utahudumiwa kwa uso uliokunjwa, na msikilizaji wa pwani hatashangaa, maana hata kwetu asiyeamkia hana adabu. Maduka hufungwa saa sita mchana hadi saa nane au tisa, na Jumatatu mengi hayafunguliwi kabisa; mkate nunua asubuhi. Maji yapo kwenye chemchemi za vijijini, ila soma kibao, kwani mengine si ya kunywa. Chemchemi ikikosekana, nenda makaburini: huwa kuna bomba la kumwagilia maua, na wenyeji hawaoni ajabu. Miji midogo mingi ina kambi ya manispaa ambapo mwenye hema na baiskeli hupata nafasi kwa fedha kidogo. Sheria inamtaka dereva aache mita moja na nusu anapompita mwendesha baiskeli nje ya mji, na usiku nje ya mji wewe mwenyewe unatakiwa uvae kizibao kinachong'aa.

Sasa ukimya huu umekuwa bidhaa. Kuna vibao vya njia, kuna nembo za nyumba zinazokaribisha baiskeli. Ni haki ya wenyeji. Mwandishi wa Uskoti Robert Louis Stevenson alipita Cévennes mwaka 1878 na punda aliyeitwa Modestine, akaandika kitabu, na leo watu wa vijiji vile wanakodisha punda kwa wageni. Hifadhi ya taifa iliundwa 1970, na 2011 UNESCO ikaiweka nchi hii ya wachungaji katika urithi wa dunia. Fedha ya mgeni wa baiskeli, anayenunua jibini hapa na kulala pale kwa sababu hawezi kufika mbali kwa siku moja, inasaidia duka la mwisho la kijiji lisifungwe. Ninachokikataa ni ile lugha ya nchi ambayo haijaguswa na binadamu. Nchi hii imeguswa, imechimbwa, imepangwa mawe na kupigwa mizinga, na barabara ni ushahidi.

Na kufika huko je? Mlioko Brussels, Paris au Lyon, wa kutoka Bukavu, Bujumbura na kwingineko, acheni gari. Ipo reli ya zamani kutoka Clermont-Ferrand hadi Nîmes, iliyokamilika 1870, inayopenya mahandaki mengi na kupita juu ya madaraja ya mawe. Shuka Villefort, na mlima Lozère uko mbele yako. Treni za mkoa huchukua baiskeli, lakini ni chache kwa siku, kwa hiyo soma ratiba mara mbili. Reli ndogo za Ufaransa zimekuwa zikifungwa moja baada ya nyingine tangu enzi za ile ya Eyrieux, na kila inapofungwa huja mtu mwenye mchoro wa njia nzuri ya baiskeli. Hii ya Cévennes nayo ingefaa sana kwa kazi hiyo, mahandaki, madaraja na yote. Kisha tungetakiwa kutafuta namna nyingine ya kufika Villefort, na namna hiyo ni magari.